Kupima uchovu wa mchezaji: ununue nini kwanza ukiwa na timu Lubumbashi

Mechi za mtoano zikikaribia, makocha wa mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi huulizana swali moja: kifaa gani kitanionyesha mchezaji aliyeishiwa nguvu kabla msuli wake haujavutika? Si kila timu ina mfuko wa TP Mazembe, klabu kubwa ya hapa mjini. Nimepanga vifaa hivi kwa kufikiria timu inayochangishana nauli ya kwenda uwanjani, ambayo siku nyingine inalazimika kucheza dakika 120 na benchi lina watu watatu tu.

Ya kwanza, na hapo sibishani na mtu, ni mizani ya kidijitali pamoja na daftari. Mpime mchezaji kabla ya kupasha mwili na tena baada ya mechi, akiwa na kaptula peke yake, jasho limefutwa. Tuseme kiungo ameingia na kilo 68, ametoka na 66.2, na katikati amekunywa nusu lita. Mwili wake umetoa karibu lita 2.3 za jasho, na bado ana pengo la zaidi ya asilimia 2.5 ya uzito wake. Ukipita asilimia 2, mbio zinapungua na moyo unapiga haraka zaidi kwa kazi ileile. Chini ya jua la Oktoba hapa kwetu, pengo hilo linafikiwa upesi.

Dukani, achana na mizani ya mshale. Nyingi zinaonyesha kilo au nusu kilo, na sisi tunatafuta gramu 100. Panda, soma namba, kisha panda tena umeshika chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Namba ipande kwa kilo 1.5 na kidogo. Rudia mara tatu. Ikibadilika kila mara, mrudishie muuzaji. Uwanjani usiiweke kwenye udongo wala majani: beba kigae au ubao mgumu ulionyooka.

Daftari nalo ni la kipimo cha Borg, kilichotungwa na Msweden Gunnar Borg. Hapa tunatumia kile cha 0 hadi 10: 0 ni kupumzika, 10 ni mwisho wa nguvu. Nusu saa baada ya filimbi ya mwisho, mwite mchezaji pembeni umuulize: “Mechi ya leo ilikuwa nzito kiasi gani?” Mmoja mmoja, tafadhali. Kijana hatasema 9 huku anayegombea naye namba anasikiliza. Zidisha jibu kwa dakika alizocheza. Aliyecheza 90 akasema 7 amebeba mzigo wa 630. Aliyecheza 120 akasema 9 amebeba 1,080. Hao wawili hawawezi kupewa mazoezi sawa keshokutwa, hata kama wote wanatembea vizuri. Mimi naamini kipimo hiki kuliko vingi vya bei kubwa, kwa sababu kinafanyika kila wiki, umeme uwepo usiwepo.

Ya pili ni simu yenye video ya mwendo wa polepole. Huenda tayari unayo. Mchezaji aweke mikono kiunoni, akunje magoti, aruke wima, atue miguu ikiwa imenyooka. Wewe unapiga video ya viatu vyake kutoka chini. Hesabu muda aliokaa hewani: nusu sekunde ni mruko wa kama sentimita 31. Kinachotakiwa ni fremu (picha) 240 kwa sekunde, au angalau 120. Kwa fremu 30 za kawaida, kukosea fremu moja kunakupotosha kwa sentimita 4 hivi, na uchovu wote unaoutafuta unaweza kujificha humo. Mlinganishe mchezaji na mruko wake mwenyewe wa siku aliyopumzika, si na wa mwenzake. Baada ya mechi ngumu, miguu inaweza kuhitaji siku mbili au tatu ili irudi.

Mkanda wa kifuani wa mapigo ya moyo nauweka wa tatu. Polar H10, kwa mfano, kule nje huuzwa karibu dola 100. Nunua miwili, si kumi, uizungushe kati ya viungo na mabeki wa pembeni. Hakikisha mkanda una kumbukumbu ya kuhifadhi mapigo ndani yake, maana Bluetooth haifiki upande wa pili wa uwanja. Uloweshwe maji kabla ya kuvaliwa na usuuzwe baada ya mechi. Chumvi ya jasho inauharibu. Ila moyo haukuambii kila kitu: joto na kiu vinaupandisha hata mchezaji akipunguza mbio.

Ya nne ni fulana yenye GPS mgongoni, kifaa kinachopima mbio kwa setilaiti, na najua ndiyo wengi wanaitamani. Wataalamu wameona kwamba mchezaji hukimbia kilomita 10 hadi 13 katika mechi, na mbio kali hupungua robo saa ya mwisho. GPS ndiyo inayokuonyesha hilo kwa kila mtu, robo saa kwa robo saa, na kwenye dakika za nyongeza hakuna kinachoizidi. Catapult na STATSports ni majina makubwa. Lakini uliza kwanza: inasoma mara ngapi kwa sekunde? Mara 10 inatosha. Mara moja hukosa mbio fupi. Je, kuna malipo ya kila mwaka, na nani katika timu ana kadi ya benki ya kuyalipa? Ya mitumba usiiguse kabla hujaiona ikifunguka kwenye akaunti yako, kwani nyingine imefungwa kwa jina la mwenyewe wa zamani.

Saa ya mkono inayopima mapigo ya moyo iwe ya mwisho. Mwamuzi atamwamuru mchezaji aivue kabla ya mechi, na mazoezini taa yake huchelewa kufuata moyo mkono unapopigwa huku na huku. Kama ipo tayari, mpe kocha wa viungo ahesabie muda wa mapumziko.