Rivyu: mpango wa kusoma Biblia kuhusu kungoja wakati wa Mungu, mzuri ila wiki ya mwisho imeniudhi

Kiukweli nilipoona huu mpango kwenye programu ya Biblia ya simu nikajua ni yale yale, picha ya jua linachomoza na Yeremia 29:11 imekatwa juu na chini. Huo mstari, ule wa Mungu kuwawazia watu wake mema, kila mtu anauweka status, ila ule wa 10 unaoutangulia unasema mpaka miaka 70 ya Babeli itimie, yaani wengi waliosomewa ile barua ya nabii Yeremia kwa Wayahudi waliohamishwa Babeli walikuwa wanaenda kufia huko huko. Sasa huu mpango siku ya kwanza kabisa umeanzia mstari wa 10. Nikasema ngoja niendelee.

Ni wa wiki tatu, kila siku kifungu, maelezo mafupi na swali moja la kujijibu, na kuna sauti kwa wasiopenda kusoma (msomaji anakimbia kama anafukuzwa, kwenye mada ya subira, haya).

Siku ya Yusufu imetulia sana. Kauzwa na ndugu zake ana miaka 17, kasimama mbele ya Farao ana 30, na wahubiri wengi wanaruka kutoka shimoni hadi ikulu kwa dakika tano. Hapa mwandishi anakukalisha kwenye ile miaka miwili mizima ya Mwanzo 41:1, baada ya mkuu wa wanyweshaji wa Farao kutoka gerezani na kumsahau humo, ambapo Biblia haisemi Yusufu aliota nini wala alisikia sauti gani, iko kimya tu, na mwandishi naye hajaribu kuujaza huo ukimya kwa maneno matamu. Nilipenda hapo.

Ila siku mbili bora kuliko zote ni ya Sauli na ya Nehemia, zimewekwa zikifuatana makusudi. Mfalme Sauli kwenye 1 Samweli 13 alingoja siku saba kama alivyoambiwa, nabii Samweli aliyetakiwa kuja kutoa sadaka haonekani, Wafilisti wako mbele, watu wanamkimbia, akaamua kutoa sadaka mwenyewe na alipomaliza tu Samweli huyo anatokea. Mi kwa akili ya kawaida namwelewa Sauli kabisa, na mpango haumcheki. Alafu kesho yake Nehemia, Myahudi aliyemtumikia mfalme wa Uajemi na kutaka kwenda kuijenga Yerusalemu, anaomba kuanzia mwezi wa Kisleu mpaka Nisani, kama miezi minne, na mfalme alipomuuliza unataka nini ana muda wa kurudi kichwani, anajua barua za maliwali na mpaka mbao atazipata kwa nani. Kwa hiyo ile miezi hakukaa tu amekunja mikono, alikuwa anapiga hesabu. Swali la siku hiyo ni je, unachokiita kumngoja Mungu ni kungoja au ni uoga wa kuomba unachotaka? Mimi nilifunga simu nikaenda kuosha vyombo.

Sasa wiki ya mwisho ndo imeharibu. Ghafla ni shuhuda tupu, huyu alisubiri akapata ndoa, yule kazi, mwingine mtoto, kila moja inaishia kwa kupata, mpaka unaona kama subira ni malipo ya awamu na mzigo lazima ufike. Waebrania 11, ile orodha ya watu wa imani, imesomwa ikakatwa kabla ya mstari wa 39 unaosema hao wote walishuhudiwa kwa imani yao lakini hawakuipata ile ahadi! Mtu ambaye ameomba mtoto na umri umeshapita anasoma nini hapo? Zaburi 13, ile ya "hata lini", imepewa nusu ya siku, wakati ndo ingembeba mtu wa namna hiyo.

Alafu hii programu inahesabu siku ulizosoma mfululizo, ukiruka moja inarudi sifuri na notifikesheni inakuja kama ya mwenye deni. Zima hiyo kitu mapema, iko kwenye mipangilio.

Nyota tatu na nusu. Kwa kikundi cha maombi siku za Sauli na Nehemia zipeni jioni nzima, watu wataongea. Kwa aliyefiwa au aliyechoka kusubiri muda mrefu, mwambie aishie wiki ya pili, alafu mkae muisome Waebrania 11 yote pamoja mpaka mwisho.