Riwaya za kuweka maktaba ya sekondari, nimezisoma zote ndo nakwambia za kidato gani

Habari zenu jamani, karibuni tena. Leo meza imejaa vitabu kama mnavyoona, na kila kimoja hapa nimekisoma mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho kabla mwanafunzi hajakigusa, na naanza na hilo kwa sababu komenti za wiki iliyopita nyingi zilikuwa za walimu wenzangu na wazazi mnauliza kitu kilekile, nina hela kidogo ya maktaba, riwaya gani ya Kiswahili naweza kumpa mtoto wa kidato cha kwanza nikalala usingizi.

Mi nasimamia maktaba ya sekondari ya kata, chumba kimoja, shelfu tatu. Nilipoanza nilikuwa napanga kwa kuangalia kava, ikiwa na bunduki au mtu anakimbia naona hii ya kipelelezi watoto watapenda, naiweka shelfu ya chini kwa wadogo. Siku moja akaja mama mmoja, kashika kimoja cha hivyo vya kipelelezi, kakunja kona ya ukurasa, akaniambia mwalimu hebu nisomee hapa kwa sauti. Nikaanza mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu sikuweza. Mbele yake pale sikuweza. Mwanae ana miaka 13. Nilimwomba radhi na toka siku ile hakuna kitabu kinapanda shelfu sijakisoma.

Sasa twende. Hiki hapa, naleta karibu na kamera, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kimetoka 1960, na kwa kidato cha kwanza hiki ndo naanzia. Mtu kakutwa amekufa kule mzimuni, Unguja hiyo, watu wanaogopa, alafu anakuja mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, hapigani na mtu, hapigi risasi, anatazama tu na kuuliza na kufikiri. Mtoto anayesoma hiki anajifunza kutazama, nawaambia ukweli, wakimaliza wanaanza kubishana nani alisema nini ukurasa wa ngapi. Na ukiwaambia kwamba M, S, A ni herufi za jina la mwandishi mwenyewe wanashangilia kama wamefumbua wao. Tatizo lake ni moja, Kiswahili ni cha Unguja ya zamani, mtoto wa huku bara atakwama, kwa hiyo mi nimebandika karatasi ndani ya jalada la nyuma, hii hapa, maneno magumu na maana zake, na wanafunzi wenyewe wameongeza kwa penseli. Umri siyo mambo ya kuficha tu jamani, hata lugha ni umri, kitabu kisafi kabisa ambacho mtoto haelewi sentensi zake bado hakijamfaa.

Kidato cha pili nawapa Siku Njema cha Ken Walibora, 1996. Kongowea ni kijana wa Tanga, mama yake mwimbaji wa taarabu, mama anafariki, baba hamjui, anabaki kwa mama mdogo ambako mume wa mama mdogo hamtaki, na watu wanamwita mwanaharamu, mwisho anafunga safari mpaka Kenya kumtafuta baba. Mi nina wanafunzi wengi wanalelewa na bibi, wanalelewa na shangazi, na nina kijana mmoja alikaa na kitabu hiki wiki tatu, nikamwambia rudisha wenzio wanasubiri, akasema mwalimu nakirudia ile sehemu ya safari. Nikamwachia. Marehemu Walibora, alitutoka 2020, Mungu amrehemu, aliandika Kiswahili ambacho mtoto anakisoma huku anaokota misemo bila kuambiwa okota misemo. Kununua nunua kopi nyingi za hiki.

Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo sitakaa nacho sana kwa sababu wengi mmekisoma darasani, watoto wanarudishwa nyumbani kwa ada na sare, wanaishia dampo. Kizuri, kifupi, kidato cha pili kwenda juu.

Sasa hiki ndo mmekiuliza sana. Rosa Mistika, Euphrase Kezilahabi, 1971. Kuna kipindi kilipigwa marufuku mashuleni, na mpaka leo kuna walimu wakikiona maktaba wanakitoa kimyakimya. Mi nakiweka. Kidato cha tatu kwenda juu, na siyo cha kuchukua tu na kuondoka, ukikiazima kwangu ukirudisha tunakaa dakika kumi tunaongea. Nisikilizeni kwa nini. Rosa ni binti wa Ukerewe, baba yake mlevi na mkali kupita kiasi, anampiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana, yaani barua tu, anamfungia mpaka binti anakua hajui hata kusimama na mwanaume akaongea naye, alafu anaenda shule mbali, hakuna mlinzi, na kila kitu kinaharibika. Ndiyo, kuna kurasa humu siwezi kusoma kwa sauti mbele ya yule mama. Lakini ile riwaya ya kipelelezi niliyoitoa ukurasa wake ulikuwa pale kumfurahisha msomaji, ukiung'oa hadithi inaendelea vilevile. Huku kwa Rosa ukiung'oa ukurasa hadithi inakufa, na hakuna msichana anayemaliza kitabu hiki akatamani maisha yale. Binti mmoja wa kidato cha tatu alinirudishia, akakaa kwanza kimya, akasema, mwalimu, kwani baba yake hakujua kwamba yeye ndo anamharibu? Mi nikasema endelea, na akaendelea, akaniambia mambo ya kwao ambayo sitayasema hapa.

Kwa hiyo wale mnaosema kitolewe, nawaheshimu, najua mnalinda watoto, na Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 kwa ajili ya maadili kwa hiyo jambo hili siyo dogo, lakini kisomeni kwanza chote, siyo kurasa mbili za picha ya WhatsApp.

Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, 1999, hiki kidato cha tano na sita. Yasmin ana miaka 15 anaozwa kwa Bwana Raza ana miaka 52, anatoroka. Mapenzi yamo, pombe imo, siasa ya ukoloni Zanzibar imo, mtu mzima kidogo anakielewa vizuri zaidi.

Kabla sijasahau, kitabu chenyewe. Kifungue katikati, kibonyeze na kiganja hivi, sikiliza. Kikilia krak ujue kimebandikwa gundi tu, mwezi mmoja kurasa zinadondoka, tafuta kilichoshonwa uzi. Na maandishi yakiwa hafifu kama moshi hiyo ni kopi ya kudurufu, niliwahi kuuziwa boksi zima hivo, ukurasa wa 40 ukafuatiwa na 57. Sahivi nafungua kila kopi pale pale kabla sijalipa, alafu nafunika na kaki na nailoni juu.

Hela ikitosha kopi kumi, mi ningechukua Siku Njema nne, Bwana Msa tatu, Rosa mbili na Vuta N'kuvute moja. Daftari langu la kuazima hili hapa, majina nimefunika na mkono, hizi Rosa zote mbili ziko nje na chini yake wanasubiri sita.