Kabla hujanunua AirTag au SmartTag, angalia simu yako kwanza

Inbox yangu imejaa malalamiko ya aina moja mpaka nimeona niandike. Watu wananunua vile vidude vya kutafutia vitu ndani, kama AirTag ya Apple na SmartTag ya Samsung, unaweka kwenye funguo, begi la kamera au maboksi ya stoo, halafu simu inakuonyesha mshale na mita zilizobaki. Sasa mtu anafika nyumbani, mshale hauonekani. Kuna dada wa mapambo ya harusi kanunua SmartTag2 nne za maboksi ya taa zake, simu yake Galaxy A54, muuzaji anamwambia apdeti simu. Aapdeti mpaka lini jamani? A54 haina chipu ya UWB, ile ya mawimbi ya redio inayopima umbali kwa usahihi na kuleta mshale, na chipu haiji kwa apdeti.

Hapo ndo watu wanaporuka. Wanauliza betri na maji, wakati AirTag na SmartTag2 zote ni IP67, yaani zinavumilia vumbi na maji, na zote zinatumia betri ya kidonge ya CR2032 inayokaa mwaka hivi au zaidi. Ulizia simu! UWB lazima iwepo pande zote mbili, kwenye kidude na kwenye simu, kwa sababu umbali unapatikana kwa kupima muda ambao mawimbi yanautumia kwenda na kurudi, na kwenye nanosekunde moja mawimbi yanatembea kama sentimita 30 tu, ndo maana inaweza kukwambia kitu kiko mita moja na nusu kutoka ulipo. Simu isiyo na UWB inabaki na Bluetooth, na Bluetooth inakisia kwa nguvu ya mawimbi, friji au ukuta ukikaa katikati inadhani kitu kiko mbali kumbe kiko nyuma ya mlango. GPS ndo usiseme kabisa, ndani ya jengo la zege utahangaika.

Namba moja ni AirTag, na sifichi, niko upande wake. Sababu kubwa ni kwamba iPhone 11 tayari ina chipu ya U1, ndo UWB ya Apple, na iPhone 11 used zimejaa mjini, hakuna njia nyepesi kama hiyo ya kuingia kwenye UWB. Unashika simu unageuka taratibu, mshale nao unageuka, ukilenga sawasawa kioo kinakuwa kijani na simu inatetemeka kadiri unavyosogea. Ila iPhone X, XR na XS hazina hiyo chipu, SE zote hazina, na hata 16e ya mwaka 2025 hawakuiweka! Mtu anatoa hela ya simu mpya dukani halafu anazidiwa na mwenye 11 ya mtumba, hili linaniudhi sana. Halafu AirTag haina tundu la kupitisha pete, kwa hiyo hesabu na hela ya kava.

Namba mbili SmartTag2, iliyotoka Oktoba 2023. Imetengenezwa vizuri, ina tundu lake kubwa la pete, na Samsung wanasema betri inafika siku 500. Tatizo inakubali simu za Galaxy tu, na UWB wameiweka kwenye kina Plus, Ultra na Fold. S21, S22, S23 na S24 za kawaida hazina, na Galaxy A ndo kabisa. Una S23 Ultra? Chukua hii, usihangaike. Ila geuza boksi usome namba: EI-T5600 ndo SmartTag2, EI-T5300 ni ile ya kwanza ya 2021, Bluetooth tupu, na kuna wauzaji wanaichomeka humohumo kwa bei ya mpya huku wanakuangalia usoni.

Moto Tag, ya Motorola, inafaa mwenye simu za Google Pixel za Pro, kuanzia 6 Pro. Wengi wenu hamna, tuendelee.

Zile za bei chee za kampuni nyingine zilizoandikwa zinakubali Find My, huduma ya Apple ya kutafuta vitu: zinalia, mshale hazina. Basi.

Na wenye godauni au hospitali yenye mamia ya vifaa mnaonitumia meseji, hivi vidude vya mtu mmoja na simu yake si saizi yenu, nyie mnahitaji mfumo wa kufunga vipokezi ukutani na kompyuta inayopiga hesabu muda wote.

Bei sasa. AirTag ilipotoka 2021 Apple Marekani waliweka dola 29 moja, dola 99 pakiti ya nne. Huku mtu anapasua pakiti ya nne, anauza mojamoja kwa bei anayojisikia, ukimwambia bei ya Apple anakujibu kaagize mwenyewe. Na ukinunua iliyotumika, iunganishe na simu yako hapohapo mbele yake kabla hujatoa hela, maana kama bado imefungwa kwenye akaunti ya mwenye nayo haitakubali kwako mpaka yeye aitoe.