Kontrola ya 72V kwenye mlima wa Lushoto: uzoefu wangu

Kama baiskeli yako ya umeme ni ya wati 250 za kwendea sokoni, kontrola yoyote (boksi linalopima umeme wa betri unaokwenda kwenye mota) itakufikisha. Mimi nina mota ya wati 3,000 ndani ya gurudumu la nyuma, betri ya 72V, na njia yangu ni Mombo kwenda Lushoto, zaidi ya kilomita 30, sehemu kubwa kona na mlima. Huko kontrola ndiyo inayoamua kama utafika umeipanda baiskeli au unaisukuma.

Niliyonunua ni ya Kichina, ya mawimbi laini (umeme wake kwa mota unapanda na kushuka taratibu), inapangwa kwa simu. Jina silitaji, maana stika ileile nimeikuta kwenye maboksi tofauti kabisa. Soma namba, achana na stika.

Na namba yenyewe si wati. Muuzaji akikwambia "hii ya 5,000W", muulize ampea za betri ngapi, ampea za fezi, yaani za nyaya za mota, ngapi. Yangu inavuta 60 kwenye betri. 72 mara 60 ni kama wati 4,300, na BMS yangu (saketi inayolinda betri) inazimudu. Kwenye nyaya tatu za mota, hata hivyo, inaweza kutoa 150, kwa sababu mwendo ukiwa mdogo kontrola inashusha volti na kupandisha ampea. Ampea za fezi ndizo nguvu ya kupandia mlima, na ndizo joto: ukizizidisha mara mbili, joto la kwenye nyaya linazidi mara nne. Kwa 150, kabla sijafika Soni boksi lilikuwa halishikiki kwa mkono. Nikashusha hadi 120. Kuondoka imekuwa nzito kidogo, ila inapanda mpaka juu bila kujikata.

Ninachoisifia zaidi ni kushuka. Betri ya seli 20 mfululizo ikijaa inafika 84V. Ukitoka Lushoto imejaa pomoni na breki ya umeme ikawa inarudisha chaji, chaji hiyo haina pa kwenda. BMS ikijifunga, volti zinaruka ghafla na mosfeti za 100V (swichi za umeme ndani ya kontrola) zinaweza kufa hapo hapo. Kontrola hii ina kikomo unachojiwekea mwenyewe. Nimeweka 83V, ikifika hapo breki ya umeme inajizima, nabaki na diski. Siku ya kushuka asubuhi sijazi betri, naiacha kwenye robo tatu.

Kufunga si kazi kubwa. Rangi za nyaya hazikulingana na za mota (usitegemee zilingane), lakini unaliinua gurudumu juu, unabonyeza kwenye simu, yenyewe inatafuta mpangilio wa fezi na sensa. Betri usiichomeke hivi hivi, itapiga cheche na kula plagi. Pitisha umeme kwanza kwenye rezista, kipande kinachoupunguza kasi.

Wapo watakaokwambia chukua VESC, kontrola ya mradi wa Msweden Benjamin Vedder ambao programu yake iko wazi kwa kila mtu. Ni kitu kizuri, ila toleo la mwanzo lilikuwa na kikomo cha 60V, kwa hiyo betri ya 72V inataka matoleo makubwa, na mfuko lazima uwe mkubwa pia.

Naipa nyota nne. Ya tano imeondoka na soketi: zimekuja bila mpira wa kuzuia maji, na mvua za Usambara mnazijua. Nimezijaza silikoni na kugeuza nyaya zitazame chini.