Boti za pomboo za Shimoni: tathmini kwa msafiri wa Uganda

Aliyezoea boti za Mfereji wa Kazinga huko Uganda huja Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, akiwa na matarajio ya kiboko: mnyama katulia palepale, boti inamsogelea, picha inapigwa. Pomboo hawako hivyo, ingawa kiboko ndiye ndugu wa karibu zaidi wa pomboo na nyangumi kati ya wanyama walio hai. Hapa unalipia ustadi wa nahodha.

Eneo lenyewe ni zuri mno. Hifadhi ya Bahari ya Kisite, kilomita za mraba 28 kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, hairuhusu uvuvi, kwa hiyo matumbawe yana samaki tele na pomboo hawana haja ya kwenda mbali. Wengi utakaowaona wana pezi lililopinda kama mundu. Ukiona pezi dogo lililokaa juu ya kigongo kirefu mgongoni, huyo ni pomboo wa nundu, jamii iliyo hatarini kutoweka. Nyamazeni, asikimbie.

Nahodha mzuri huja ubavuni, sambamba na kundi, polepole, kisha hutoa gia na kusubiri. Mbaya hukatiza mbele yao. Kundi likijibana, mama akimweka mtoto upande wa mbali na boti, wakazama na kuibukia kwingine kabisa, wamechoshwa: mwambieni aondoke. Kila dakika ya kukimbia wameikosa kula na kunyonyesha.

Lawama kubwa iwaendee mawakala wa Kampala wanaouza "pomboo kwa uhakika". Hakuna awezaye kuahidi hilo, na ahadi hiyo ndiyo inayomsukuma nahodha kuwafukuza. Wakala akiitamka, tafuteni mwingine.

Msimu wa upepo wa kaskazi, hasa Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu na maji ni maangavu. Nyangumi wa nundu hupita Julai hadi Oktoba, wakitoka Antaktika kuja kuzaa, lakini ndipo kusi, upepo wa kutoka kusini, inapovuma. Ondokeni asubuhi kabla upepo haujachachamaa. Kidonge cha kichefuchefu kimezwe saa moja kabla ya kupanda. Boti ikishayumba umechelewa. Kaa tezi, yaani nyuma, kwa kuwa omo, yaani mbele, ndiyo inayorushwa zaidi. Jaketi la kuokolea lijaribiwe gatini, vifungo vyote.

Mpakani Malaba au Busia, kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka. Kionyesheni pia mnapolipia hifadhi, maana raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao.