Dakika 217 ndani ya bunge la Idaho

Mara ya kwanza niliiwasha State Legislature, filamu ya hali halisi, usiku, nimechoka, na kabla saa haijaisha nilikuwa nakoroma. Siilaumu filamu, nakutahadharisha wewe tu. Ni ndefu, dakika 217, na mwongozaji wake, Frederick Wiseman, hakushiki mkono: hakuna msimulizi, hakuna mahojiano, wala jina la anayezungumza halitokei kwenye skrini. Niliirudia mchana, nikaigawa vipande viwili. Hapo ikaninasa.

Tupo kwenye jengo la bunge la jimbo la Idaho mjini Boise, Marekani, katika kikao cha mwaka 2004. Maseneta 35, wawakilishi 70, na ubunge wenyewe si ajira ya mwaka mzima. Hukutana kuanzia Januari kwa miezi michache, kisha kila mtu anarudi kwenye shamba lake au shughuli zake. Nilipolijua hilo nikaelewa kwa nini wanaongea vile, taratibu, bila kujipandisha. Mpiga kura ni jirani.

Nilitarajia kelele za ukumbini. Kumbe kazi iko kwenye vyumba vya kamati! Moshi wa sigara, kupigwa video kwa siri, ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe: kila jambo linachambuliwa neno kwa neno, raia anapewa nafasi aseme lake, na kamera inawahamia wanaosikiliza. Mimi nilizifuata nyuso hizo kuliko hotuba. Unamwona anayesikiliza kweli, na unamwona aliyekwisha amua tangu nyumbani. Wabunge wa chama cha Republican ni wengi mno katika bunge hilo, kwa hiyo mvutano si wa chama kwa chama. Ni wa mwenye biashara na mwenye malalamiko, na watu wanaolipwa kuwashawishi wabunge wakiwa katikati.

Kilichonikera ni kupotea njia. Huyu ni seneta, au katumwa na kampuni? Mara nyingi nilibaki kubahatisha. Halafu unashikamana na muswada, unataka kujua umepita au umekufa, filamu imeshahamia chumba kingine. Nilisonya, sifichi.

Kiingereza chao cha sheria nacho kinahitaji subira, maana hakuna anayesimamisha mjadala akufafanulie.

Naipa nyota nne kati ya tano. Vikao vya kamati nimeshavitazama tena mara mbili. Sherehe na makaribisho ya wageni naziruka.