Rimu za kromu au za kung'arishwa: zipi zinafaa barabara za Uganda

Zikipangwa juani pale soko la vipuri la Kisekka, rimu ya kromu ndiyo inayovuta jicho kwanza. Inaakisi kama kioo na ina samawati kwa mbali. Ile ya alumini iliyong'arishwa ni nyeupe zaidi na mng'ao wake ni mpole. Lakini mnunuzi wa Kampala asiamue hapo. Aamue kwa kufikiria siku rimu itakapoingia shimo la Bwaise na kupinda, au itakapojisugua kwenye ukingo wa barabara. Ya kung'arishwa, ikishanyooshwa, inarudishwa kwa msasa na polishi. Ya kromu, ikishaumia, haina fundi wa mtaani wa kuirudisha. Mpangilio ulio hapa chini umetokana na jambo hilo.

Kromu ni ngozi iliyovikwa juu ya alumini. Rimu huzamishwa kwenye matangi ya kemikali yenye mkondo wa umeme, ikavikwa aghalabu shaba, halafu nikeli, na mwisho kromu yenyewe. Sehemu kubwa ya mng'ao na kinga hutoka kwenye nikeli. Kromu ya juu kwa kawaida haifiki hata mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), na ina vitundu na nyufa zisizoonekana kwa jicho. Maji yenye chumvi au asidi yakipenya humo hadi kwenye alumini, metali mbili tofauti zinakutana penye unyevu, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unajikusanya chini na kuinua ngozi. Kwanza unaona malengelenge madogo karibu na shimo la vali au ukingoni, kisha ngozi inababuka. Usiishike kwa mkono mtupu: ncha za kromu iliyobabuka hukata kama wembe.

Rimu ya kung'arishwa haina ngozi hiyo. Ni alumini ileile iliyopigwa msasa mpaka ikawa kioo. Ziko aina mbili, na wauzaji wengi hawazitofautishi: iliyoachwa tupu, na iliyopakwa vanishi safi juu yake. Tofauti ya aina hizi mbili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Nafasi ya kwanza: alumini tupu iliyong'arishwa

Tunaiweka juu kwa anayetaka kung'aa na yuko tayari kuihudumia. Haibabuki, kwa sababu hakuna cha kubabuka. Ubaya wake ni kwamba inafifia: mvua, vumbi jekundu na unga wa breki huifanya iwe ya kijivu. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, itakudai polishi kila baada ya wiki tatu au nne. Ukimaliza polishi, paka nta ya gari, nayo itakuongezea siku.

Ikikwaruzika, kazi ni hii. Osha kwanza na kukausha, maana punje moja ya mchanga itachora mistari mipya. Anza na msasa wa maji namba 400 kwenye mkwaruzo, kisha 600, 800, 1000, 1500 na 2000. Kila ukibadilisha namba, badilisha na mwelekeo wa mkono, ili uone kama mistari ya namba iliyotangulia imekwisha. Usiruke namba. Anayetoka 400 kwenda 1500 anapata mng'ao wenye mistari chini yake, na polishi haiwezi kuifuta. Malizia kwa polishi ya metali na gurudumu la pamba kwenye drili, kwa mwendo wa wastani. Rimu moja iliyochakaa inaweza kula nusu siku, kwa hiyo fundi akikuahidi nne kwa saa moja, ujue ataruka namba.

Ya pili: rangi ya fedha ya kiwandani

Wengine watashangaa kuiona hapa, kwa kuwa si kioo. Lakini kwa gari linaloenda vijijini Karamoja kila mwezi, lenye kurushiwa kokoto siku nzima kwenye barabara za vumbi, rangi ya kiwandani ndiyo inayochosha kidogo kuliko zote. Ikichubuka, inapakwa upya. Angalia tu kwamba rangi mpya haikupakwa kuficha ufa.

Ya tatu: iliyong'arishwa na kupakwa vanishi

Humu zimo pia zile zilizochongwa uso kwenye mashine ya leti, zenye mistari myembamba ya duara kama ya sahani ya santuri. Mwaka wa kwanza ndizo nzuri kuliko zote, maana unaosha kwa shampuu tu na kuendelea na safari. Tatizo huanza kokoto inapotoboa vanishi. Maji yanaingia chini yake na kutambaa, na unaona mistari myeupe kama nyuzi za buibui. Hapo polishi haisaidii, kwa kuwa uchafu uko chini ya vanishi. Dawa ni kuondoa vanishi yote, kupiga msasa, kisha kupaka upya au kuiacha tupu. Ya leti inaweza kuchongwa tena mara chache tu, maana kila mara alumini inapungua.

Ya nne: kromu mpya

Inafaa gari linalotembea mjini kwenye lami, linalolala chini ya paa na kuoshwa na mtu unayemwamini. Kromu haitaki polishi kila mwezi, na hilo ni jambo zuri kweli. Ila ikipinda, fundi wa kunyoosha ataipasua ngozi hata akiinyoosha vizuri, na kuanzia ule ufa maji yataingia. Kuipaka kromu upya kunahitaji kuvua tabaka zote kwa kemikali, kuitengeneza na kuizamisha tena, kazi ya kiwanda.

Nafasi ya mwisho: kromu iliyotumika yenye lengelenge hata moja

Usiinunue kwa bei yoyote. Magari na vipuri vyetu vingi vinatoka Japani kupitia Mombasa, na sheria inayotumika tangu 2018 inaruhusu gari ambalo halijafika miaka 15. Rimu yake inaweza kuwa na umri huohuo, na kama ilitembea kaskazini mwa Japani, ilipita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Lengelenge unaloliona usoni lina wenzake upande wa ndani, pale tairi linapokaa. Kromu ikibabuka hapo, upepo unavuja polepole, na utajaza tairi kila Jumatatu bila kuona msumari. Fundi anaweza kusugua sehemu hiyo kwa brashi ya waya na kupaka gundi ya ukingo wa tairi, lakini kuliwa kwa alumini hakutakoma.

Namna ya kukagua kabla ya kulipa

Nenda na kitambaa cheupe, polishi kidogo ya metali na sumaku. Sugua sehemu ndogo. Kitambaa kikigeuka cheusi, hiyo ni alumini tupu. Kikibaki cheupe, juu yake kuna kromu au vanishi. Kisha geuza rimu: kromu halisi huzamishwa nzima, kwa hiyo utaona ngozi ya metali hata nyuma, japo haikung'arishwa sana. Uso uking'aa kama kioo na nyuma kukawa na rangi tu, huenda ni ya kung'arishwa yenye vanishi, au ni "kromu" ya kupuliziwa, ambayo ni rangi tu. Sumaku ikishika kwa nguvu, rimu ni ya chuma. Hiyo ni imara, ila ni nzito na itatoa kutu ya kahawia.

Omba iwekwe kwenye mashine ya kusawazisha magurudumu na izungushwe bila tairi. Tazama ukingo wa ndani, kwa sababu mipindo mingi huwa huko na muuzaji hukuonyesha uso tu. Ufa karibu na matundu ya nati au kwenye mguu wa spoku ni sababu ya kuondoka, hata ukiambiwa utachomelewa. Rimu nyingi za alumini hupewa nguvu kwa matibabu ya joto kiwandani, na moto wa gesi unaichukua nguvu hiyo.

Jambo moja linaharibu rimu za aina zote: ndoo ya sehemu ya kuoshea magari. Uliza kuna nini ndani yake. Asidi inapita kwenye vitundu vya kromu, na kostiki soda inaichoma alumini tupu na kuacha madoa ambayo sabuni haitoi, itabidi msasa. Sabuni ya kawaida ya gari na brashi laini zinatosha, rimu ikiwa imepoa. Na ukisawazisha magurudumu, sema unataka vizito vya kubandika upande wa ndani. Vile vya kugongwa ukingoni huchana ngozi au vanishi, na uozo huanzia hapo.

Kuingia kwenye gari lako

Toyota Premio inatumia nati 5 kwenye duara la milimita 100, Toyota Harrier 5 kwa 114.3, Toyota Prado 6 kwa 139.7. Subaru Forester za zamani nazo ni 5 kwa 100 kama Premio, na hapo watu wengi hukosea: habu ya Subaru, yaani kitovu kinachoingia kwenye tundu la katikati la rimu, ina milimita 56.1 na tundu la rimu ya Premio ni 54.1, kwa hiyo rimu haitakaa. Nati pia haziingiliani, kwani hatua ya uzi wa Toyota hizi ni milimita 1.5 na ya Subaru ni 1.25.

Rimu nyingi za alumini za kiwandani za Toyota hukaa kwa nati zenye washa bapa, na nyingi za dukani hutaka nati zenye koni. Ukifunga washa bapa kwenye tundu la koni, gurudumu litalegea hata kama ulikaza kwa nguvu zote. Nunua nati pamoja na rimu. Premio na Harrier zikaze kwa nyutoni mita 103 kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa chini, kisha zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.